Mwachie Mtoto Kina cha Mwisho

Kitabu cha picha chenye vina ni kitabu chembamba, mara nyingi cha kurasa 32 au pungufu, ambacho hadithi yake imepangwa kwa mistari mifupi yenye mizani na miisho inayolingana, huku picha ikibeba nusu ya maana. Maneno yake ni machache, na hayakuandikwa ili mtoto ayasome peke yake. Yaliandikwa ili asomewe. Kitabu cha namna hii kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mtu mzima anayejua herufi, na mtoto anayesoma picha huku ametega sikio. Akikosekana mmoja wao, kinachobaki ni karatasi yenye rangi.

Jambo hilo husahaulika dukani. Mzazi anayemtafutia mtoto wa miaka mitatu kitabu huanza kwa kufungua kurasa za mwisho atazame kama kuna maswali ya ufahamu. Akiyakosa, humuuliza muuzaji kitabu kinafunza nini. Kisa cha paka aliyejificha kikapuni kinarudishwa rafuni kwa kuwa eti hakina funzo, na badala yake kinachukuliwa kitabu cha mazoezi ya herufi. Mzazi huyo anampenda mwanawe, hilo halina ubishi. Tena fedha aliyoishika ameitolea jasho, anataka ionekane imekwenda wapi. Hata hivyo amekosea jambo la msingi kabisa kuhusu njia ambayo mtoto huifikia elimu hiyo anayoililia. Kwa mtoto, sauti huitangulia herufi kwa miaka kadhaa, na huanza kazi yake kabla hajazaliwa.

Mwaka 1986 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha kina mama wajawazito. Kila mama alisoma kwa sauti kifungu kimoja cha hadithi, kila siku, katika majuma sita ya mwisho ya ujauzito. Baadhi ya vifungu vilitoka katika The Cat in the Hat, kitabu cha vina cha Dr. Seuss. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu maalumu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, hivi kwamba namna ya kunyonya iliamua ni kifungu gani kitasikika. Walibadili unyonyaji wao ili wasikie kile walichokizoea tumboni, hata kiliposomwa na mwanamke mwingine. Mtoto wa siku chache hajui paka ni nini wala kofia ni nini. Anachokitambua ni mwendo wa sauti, yaani kupanda kwake, kushuka kwake na mahali inapotua. Kitabu chenye vina kinaanzia hapo alipo, hakimsubiri afike kwingine.

Watu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Nyimbo za kubembeleza zina mizani. Vitendawili haviendelei mpaka wasikilizaji wajibu "tega". Msimulizi wa ngano hafungui kinywa kusimulia kabla wito wake wa "paukwa" haujaitikiwa. Michezo ya duara, ukuti ukiwa mmojawapo, humfundisha mtoto kungoja zamu yake ndani ya mstari. Na mwaka 1858 au karibu na hapo, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alipotaka kumwachia binti yake maneno asiyopaswa kuyasahau, aliyatia katika utendi, kila kipande mizani nane. Utendi huo ni wa msichana anayekua, haumhusu mtoto wa kubebwa. Lakini unaonyesha kwamba Waswahili walikikabidhi kina yale waliyoyaona ya thamani, kwa kuwa kina hushika pale kumbukumbu inapoteleza. Kilichokuwa hakijafika majumbani wakati huo ni picha na karatasi ya bei ya chini. Leo vipo, na inasikitisha kwamba vimeingia katika nyumba nyingi vikiwa vimeachana na sauti.

Kina chenyewe hufanyaje kazi katika sikio la mtoto? Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa watoto wapatao 400 wa miaka minne na mitano ambao walikuwa hawajaanza kusoma. Waliwasomea maneno machache kwa mpigo na kuwauliza ni lipi halifanani kwa sauti na mengine. Kisha wakawafuatilia kwa takriban miaka minne. Waliokuwa wepesi wa kusikia mfanano huo walielekea kuwa wasomaji bora baadaye, na kundi dogo lililofundishwa kupanga maneno kwa sauti lilipiga hatua zaidi. Sababu inaeleweka. Mtoto anayesikia kwamba "paka", "taka" na "kaka" yana mkia mmoja na vichwa tofauti amekwisha kugundua kwamba neno si bonge moja. Linaweza kukatwa, na kipande kikibadilishwa kitu kizima hubadilika. Bila ugunduzi huo, herufi ni michoro tu.

Matokeo hayo ni ya Kiingereza, na hayafai kubebwa mzimamzima. Tahajia ya Kiingereza ina mitego mingi, na kina husaidia kuipita. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto aliyezijua silabi husoma karibu kila neno. Faida ya kina kwetu iko kwingine, tena ni kubwa. Katika ushairi wa Kiswahili kina ni silabi ya mwisho, na silabi ndiyo tofali ambalo mwalimu wa darasa la kwanza hujengea: ba, be, bi, bo, bu. Mtoto aliyesomewa vitabu vya vina nyumbani hufika darasani akiwa amekwisha kuzisikia silabi zikitua mahali pake mara nyingi sana, akazipigia makofi, akazichekea. Kazi ya mwalimu hapo ni kumwonyesha sura za sauti anazozijua.

Liko jambo la ufundi ambalo waandishi wa vitabu hivi wanapaswa kulipima. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kina cha silabi moja hukaa mahali ambapo sauti inashuka. Mashairi yanapoghanwa kwa mahadhi, kina hicho husikika wazi. Mama anaposoma kwa sauti ya kawaida kitandani, hufifia. Ndiyo maana kwa mtoto mdogo vina vya silabi mbili hunata zaidi: kanga, panga, changa, mwanga. Vina vya "-a" ya vitenzi, ambavyo lugha yetu inavimwaga bure, havimsaidii sana. Mwandishi anayemalizia kila mstari kwa "anacheza", "anakula" na "analala" amejaza ukurasa, vina hajatunga.

Tuchukue mistari minne iliyotungwa kwa ajili ya mfano huu, yenye mizani nane kila mmoja:

Paka yumo kikapuni,
kuku naye yu tunduni,
panya kazama chunguni,
mtoto yu uvunguni.

Kila mstari una ukurasa wake. Ukurasa wa mwisho unaonyesha kitanda, na chini ya shuka iliyoning'inia vinaonekana vidole vitano vya mguu. Anayesoma akifika "mtoto yu..." anyamaze. Atazame picha, asimtazame mtoto kwa jicho la mtihani. Mtoto wa miaka mitatu ataviona vidole na pengine atapiga kelele, "Chini ya kitanda!" Maana ameipata, lakini sikio lake lenyewe litamwambia kwamba kitu hakijakaa sawa, kwa kuwa limezoea "-uni" mara tatu. Hapo anayesoma atamalizia: "uvunguni". Neno jipya limeingia likiwa limepokewa na picha upande mmoja na kina upande mwingine, na halikuhitaji maelezo. Kesho yake neno hilo atalisema yeye.

Kunyamaza huko ndiko kiini cha shughuli nzima, na ndiko kunakokosekana zaidi. Mwaka 2014 Kirsten Read, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba watoto wadogo hukumbuka vizuri zaidi neno jipya linapokuwa mwishoni mwa mstari wenye kina, mahali ambapo masikio yao yanalitarajia, na kwamba msomaji akisita kidogo kabla ya neno hilo faida huongezeka. Watu wengi wazima husoma mbio, kama wanaokimbizwa na mvua, wafike ukurasa wa mwisho wazime taa. Kitabu kinamalizika na mtoto hajapata nafasi ya kusema hata neno moja. Afadhali kurasa nne zilizosomwa kwa vituo kuliko 30 zilizosombwa.

Malalamiko mengine ya watu wazima ni marudio. Mtoto hutaka kitabu kilekile, usiku baada ya usiku, na akiona ukurasa umerukwa hukasirika. Mlezi aliyechoka hudhani mtoto amekwama, akamletea kipya ili aendelee mbele. Mtoto hajakwama. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Kundi moja lilirudiwa hadithi zilezile; lingine lilipata hadithi tofautitofauti zenye maneno yaleyale kwa idadi ileile. Waliorudiwa ndio walioshika maneno. Mara ya kwanza mtoto hufuata kisa. Zinazofuata hutazama pembe za picha. Baadaye husikiliza maneno yenyewe. Kitabu chenye vina humpunguzia na mtu mzima uchovu, kwa kuwa kinarudika kama wimbo, na hakuna anayelalamika kurudia wimbo mzuri.

Wako watakaosema kazi hii sasa inafanywa na simu, tena bila gharama ya kitabu. Zipo katuni za Kiswahili zilizotengenezwa kwa uangalifu. Akili and Me ya shirika la Ubongo, iliyozaliwa Dar es Salaam, imewafundisha watoto wengi kuhesabu na kuimba, na inastahili sifa hiyo. Lakini skrini haisubiri. Hata inapouliza swali na kuacha nafasi, nafasi hiyo ni ileile kwa kila mtoto, na jibu likija likiwa sahihi, likiwa kosa, au lisipokuja kabisa, katuni inaendelea. Aliyemweka mtoto mapajani anaona midomo yake ikianza kufunguka, akaongeza kituo kidogo. Anasikia "chini ya kitanda" na anajua ni jibu la akili. Hakuna kifaa chochote kinachofanya hivyo mezani pa nyumba ya kawaida. Mzazi anayesema hana muda wa dakika kumi kwa siku, huku simu ikiwa mkononi mwake mwenyewe, anapaswa kuulizwa upya, kwa upole lakini bila kumung'unya maneno.

Wengine husema mtoto ni mdogo mno, akue kwanza. Umri wa kuanza hauko katika miaka. Uko katika miezi. Mtoto wa miezi sita atakitafuna kitabu, na kwa sababu hiyo vipo vya kurasa ngumu. Akifikisha mwaka atapiga picha kwa kiganja na kutaka kufunua mwenyewe, hata kama anafunua kinyume, aachwe. Karibu na miaka miwili ataanza kusema silabi ya mwisho ya mstari, mara nyingi ikiwa nusu: "...puni!" Miaka mitatu na minne ndiyo yenye mavuno makubwa. Anaanza kutunga vyake, vingine havina maana yoyote, na kutunga huko kusikemewe.

Nchi nyingine zimelipeleka jambo hili hadi hospitali. Huko Boston, Marekani, mpango wa Reach Out and Read ulianza mwaka 1989: daktari anayempima mtoto humpa mzazi kitabu na kumwonyesha jinsi ya kumsomea. Mwaka 1992 mpango wa Bookstart ulianza Birmingham, Uingereza, kwa familia 300 zenye watoto wachanga. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa waraka mwaka 2014 kikihimiza wazazi kusoma kwa sauti tangu mtoto anapozaliwa. Tanzania na Kenya tayari zina njia ambayo hata nchi tajiri zingeitamani: foleni ya kliniki. Mama anafika na kadi, mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, na wakati wa kungoja ni mrefu. Kitabu kimoja chembamba cha vina, kikitolewa pamoja na chanjo ya surua, kingefika katika nyumba ambazo duka la vitabu halitafika kamwe. Hili linawezekana, na linafaa kudaiwa.

Linabaki suala la vitabu vyenyewe. Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto tangu mwaka 1991, wachapishaji kama Mkuki na Nyota wamevitoa vitabu vizuri vya picha, na tangu mwaka 2014 African Storybook imeweka mtandaoni hadithi nyingi za bure, za Kiswahili zikiwamo. Nyingi kati ya hizo ni za nathari. Vitabu vya vina ni vichache, na baadhi ya vilivyopo ni tafsiri ambazo kina kilibaki kwao. Kisa kilichochekesha London kwa sababu maneno mawili yamegongana kwa sauti kinafika Morogoro kikiwa taarifa tu kuhusu mnyama.

Historia ya vitabu maarufu zaidi vya aina hii inaeleza kwa nini. Mwaka 1954 mwandishi John Hersey alilalamika katika gazeti la Life kwamba vitabu vya kujifunzia kusoma vya Marekani vinawachosha watoto. Theodor Geisel, ndiye Dr. Seuss, akapewa orodha ya maneno mepesi na kuambiwa atunge kitabu ambacho mtoto hatakiweka chini. The Cat in the Hat kilitoka mwaka 1957 kikiwa na maneno tofauti 236 tu. Mwaka 1960 akatunga kingine, Green Eggs and Ham, kwa maneno 50. Naye Julia Donaldson wa Uingereza, mtunzi wa nyimbo kabla ya kuwa mwandishi wa vitabu, alitaka kutumia ngano ya Kichina yenye chui milia. Mnyama huyo alimshinda kutiwa vina, akabuni dude ambalo jina lake lingeitikia mstari, na hivyo kikapatikana The Gruffalo, kilichotoka mwaka 1999 na michoro ya Axel Scheffler. Kina ndicho kilichomzaa mhusika. Anayekitafsiri kitabu kama hicho neno kwa neno anaubeba mwili na kuacha pumzi; mfasiri mzuri hutunga upya.

Kwa hiyo vitabu vya vina vya watoto wa Kiswahili vitungwe kwa Kiswahili, na watu wanaojua mizani. Washairi wapo. Kurasa za mashairi magazetini zimewalea kwa miongo mingi, nao hujibizana humo kuhusu siasa, mapenzi na vina vyenyewe. Ni wachache mno kati yao waliowahi kumtungia mtoto wa miaka mitatu, na wachapishaji hawajawaita. Mzazi anayechagua anaweza kukijaribu kitabu palepale dukani: akisome kwa sauti akigonga kidole. Kidole kikikwama, mizani imevunjika. Akikuta neno la kale lililopachikwa ili kuokoa mstari, au sentensi iliyopinduliwa kichwa chini ili kina kipatikane, akirudishe. Na aigeukie picha: kama picha inarudia tu maneno bila kuongeza siri yoyote, mtoto hatakuwa na kitu cha kugundua.

Katika nyumba ambayo mlezi hasomi vizuri, kitabu cha vina kina nguvu kuliko kitabu kingine chochote. Kaka aliye darasa la nne akikisoma mara chache, bibi atakuwa amekishika chote. Kuanzia hapo bibi ndiye msomaji: anafunua, picha inamkumbusha, kina kinamvuta, na vituo anavijua kuliko mwalimu kwa sababu amelelewa na ngano. Kwa familia za Waswahili zinazoishi Oman, Uingereza au Marekani, ambako lugha ya nyumbani humtoka mtoto mapema, mistari hiyo hiyo humshikia ulimi matamshi ambayo mazungumzo ya haraka ya jikoni hayamlazimishi kuyatamka.

Hatimaye mtoto atakichukua kitabu, ataketi peke yake na "kukisoma" chote bila kukosea, wakati mwingine kikiwa kichwa chini. Mara nyingi mtu mzima husema, "Huyo hasomi, anakariri tu." Ni kweli anakariri, na kukariri huko ni daraja. Anajua kila ukurasa unasema nini. Kilichobaki ni kugundua ni alama ipi inayosema lipi. Wakati huo ndio wa mlezi kuanza kupitisha kidole chini ya mstari anaposoma, polepole, bila kutangaza somo. Siku moja mtoto atakisimamisha kidole hicho kwenye "uvunguni" kwa sababu ni refu kuliko "yu", kisha ataitafuta ile "ni" ya mwisho kwenye "kikapuni", kwenye "chunguni", na baadaye kwenye bango la dukani. Kitabu kisiondolewe kwake kwa kuwa ameshakijua. Kipya kiongezwe, cha zamani kibaki mahali anapoweza kukifikia, mpaka atakapokiacha mwenyewe.